Mizunguko Miwili ya Bisibisi

Vumbi la asubuhi lina kiherehere. Ukifungua mlango wa bati wa karakana ile, hata hodi hujasema, lenyewe limeshapanda kwenye mwanga, limeshacheza, limeshatua juu ya magitaa yaliyoning'inia ukutani na kulala kwenye nyuzi kana kwamba ndilo mwenye nyumba. Mwenye karakana alikuwa akilifuta kila siku kwa kitambaa laini, gitaa moja baada ya jingine, huku akiimba puani. Siku hizi analifuta kimya.

Anaona haya. Niseme mapema nisije nikaonekana namfichia: bwana huyu anaona haya, na haya yenyewe ni halali yake, aliitafuta kwa mkono wake.

Walimwita Sikio. Masikio yake ni madogo tu, ya kawaida, moja limejikunja kidogo juu. Lakini ukimfunga kitambaa machoni, ukagusa uzi mmoja wa gitaa la umeme, alikuwa anakwambia ndani yake mna pikapu gani. Na pikapu hapa si lile gari la kubebea mchanga, jamani. Ni kidude kinachokaa chini ya nyuzi: sumaku chache zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi ukitetemeka juu yake, chenyewe kinasikia, kinapeleka habari kwenye amplifaya, na amplifaya haijui siri, inamwaga kila kitu chumbani.

Kila pikapu ina ulimi wake. Ya koili moja, yaani fungu moja la waya, inasema kavu, inasema angavu, inasema ukweli hata usipoutaka, na ukinyamaza yenyewe haiwezi, inanguruma chini chini. Ya koili mbili ni nene, tulivu, imeshiba, haina mngurumo, inajaza chumba bila kupandisha sauti. Iliyokaa karibu na shingo ya gitaa inabembeleza. Iliyokaa karibu na daraja, kule chini nyuzi zinakofungwa, inagomba. Sikio alizijua zote kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe.

Alizijua kwa kusikia. Kuzitengeneza, hapana. Hapo ndipo mwiba ulipo.

Aliyejua kuzitengeneza alikuwa kaka yake, fundi wa kusuka mota: mota za feni, mota za pampu, mota za mashine za kusagia. Siku moja kaka akashika pikapu iliyokufa, akaigeuzageuza, akasema, "Mota nasuka, kidude hiki kitanishindaje?" Akafungua cherehani kuukuu, gurudumu lake akaligeuza la kuzungushia waya, akaanza. Akamwita na mdogo wake aje ajifunze.

Waya ukamkatikia mdogo mtu. Akaunga, ukakatika. Akaanza upya, ukakatika. Mara ya kumi na moja akaondoka bila kuaga.

"Mikono yako ina haraka, mdogo wangu," kaka alimwambia. "Waya huu unamtaka mtu asiye na pa kwenda."

Mke wa kaka alikuwa amekaa pembeni anashona vifungo. Hakuitwa na mtu. Aliweka shati chini, akaushika waya, na waya ukatulia mkononi mwake.

Kisha kaka akaugua, kisha kaka akafariki, na cherehani likabaki kwa mjane. Akaendelea kusuka. Nyumbani kwake hamna gitaa wala amplifaya. Alikuwa akimaliza pikapu anaipima kwa mita ya fundi umeme, anaifunga kwenye leso, anampelekea shemeji yake karakana. Sikio ndiye aliyekuwa akimpigia kwenye gitaa na kumwambia inasemaje. Tena walikuwa na utani wao, utani wa shemeji na shemeji. "Sikio hilo umelikatia bima?" anamuuliza. "Maana likipata mafua, sote tutakufa njaa." Wanacheka. Mwanamke yule alilikopa sikio la mwenzake kama mtu anavyokopa miwani, akalivaa, akaliamini.

Ewe sikio, ulipewa kazi ya kusikia tu. Nani alikutuma kusema uongo?

Ikaja siku ya kuchagua. Kikundi kimoja cha muziki kilikuwa na magitaa manne, yote yamechoka sauti, na kiongozi wao, mpiga solo mwenye vidole vinene na moyo mzito wa kuamua, akasema atabadilisha pikapu zote kwa pamoja. Tatu zitasikilizwa, aina moja itachukuliwa. Ya kwanza ilitoka ng'ambo, imelazwa kwenye boksi lenye sponji. Ya pili ilichomolewa kwenye gitaa la zamani, umri wake sawa na wa kiongozi mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya shemeji.

Wakakubaliana hivi: Sikio azifunge zote tatu kwenye magitaa matatu ya aina moja, akae nyuma ya pazia, apige wimbo uleule, kwa nguvu ileile, na waliokaa kwenye mabenchi waseme kwa namba bila kujua ipi ni ipi. Mpango wa haki kabisa. Haki yote ikaachwa mikononi mwa mtu mmoja.

Siku iliyotangulia, saa kumi alasiri, akaifunga ile ya shemeji. Akakaza skrubu, akachomeka waya, akagusa uzi wa tatu kwa dole gumba.

Jamani.

Ilikuwa sauti ya kaka. Ilikuwa yenyewe, kavu, angavu, yenye kicheko kwa mbali. Lakini haikuishia hapo. Pale mwishoni, noti inapochoka, pale ambapo pikapu zote duniani hujifunga na kwenda zao, hii ilifunguka kidogo, kama mtu aliyekuaga kisha akakumbuka neno zuri la kukwambia. Kaka hakuwahi kufika hapo. Sikio akagusa tena, ikafunguka tena. Akalia, na simlaumu kwa kilio kile, kilikuwa kilio safi.

Alipomaliza kufuta machozi, wivu ulikuwa umeshaingia, umevua viatu, umekaa naye kwenye benchi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wivu ulimwuliza maswali madogo madogo tu. Wewe ndiye wa damu, siyo? Wewe ndiye uliyezaliwa naye? Mbona basi sauti imepita kwako bila kubisha hodi, ikaenda kukaa kwa mshona vifungo?  Alifunga karakana akaenda kulala, na asubuhi aliamka na bisibisi mkononi.

Sasa sikiliza, maana uovu wenyewe ni mdogo hata unatia kichefuchefu. Pikapu inashikwa na skrubu mbili, moja huku, moja huku. Ukiipandisha ikawa karibu na nyuzi, inasikia sana, inasema kwa nguvu. Ukiishusha, inasikia kwa mbali, inasema kwa unyonge. Na sikio la binadamu lina ujinga wake: yenye sauti kubwa kidogo hulidanganya, hulifanya liseme hii ndiyo nzuri. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kulinganisha pikapu ni kuzipima kimo, zote ziwe sawa. Sheria hii Sikio aliwafundisha watu wote. Aliifundisha kwa ukali, kwa rula.

Mizunguko miwili. Miwili huku, miwili huku. Macho yasingeona.

Alijiambia ataipandisha kabla watu hawajafika. Watu wakafika.

Akapiga ya kwanza nyuma ya pazia, wakaitikia kwa vichwa. Akapiga ya pili, wakasema ina heshima zake. Akapiga ya tatu, na kwa masikio yake mwenyewe akaisikia ikisema yale yale mazuri ya jana, lakini kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. "Hii ya tatu imelala," mpiga besi akasema. "Haijanywa chai," mwingine akadakia, wakacheka. Kiongozi akaufikiria uamuzi wake mpaka mabenchi yakaanza kulia, kisha akataja namba moja. Pazia likavutwa, ikaonekana ni ile ya ng'ambo.

Shemeji alipiga makofi. Nasema alipiga makofi, viganja vyote viwili, na tabasamu juu. Kisha akamsogelea Sikio, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kasoro yake ni nini, shemeji? Niambie ukweli, sitachukia."

Hapo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi, mpana. Na yeye akasema, "Ina njaa. Ongeza waya."

Mizunguko miwili ilikuwa dhambi ya dakika moja. Neno hili lilikuwa dhambi ya miezi saba.

Kwa maana shemeji aliongeza. Alikuwa na kiini kimoja tu, chenye sumaku alizozichagua mumewe, kwa hiyo aliukata waya wote wa ile ya siku ya pazia kwa kisu, akasuka upya. Hiyo ilikuwa na mizunguko elfu saba na mia sita na arobaini, imeandikwa daftarini. Akasuka elfu nane na nusu. Akasuka elfu tisa. Akasuka elfu kumi, mpaka kidole chake cha shahada kikapasuka ngozi, akakifunga plasta, akaendelea. Na waya ukizidi sauti inakuwa kubwa, ndiyo, lakini mwanga wake unapungua. Inakuwa nzito, inakuwa na tope, inasema kama mtu mwenye shuka mdomoni. Kila mara alileta kwenye leso. Kila mara Sikio alipiga, kwa kimo cha haki kabisa, akasema kweli tupu: "Bado, shemeji. Imekuwa nzito." Na ukweli ukiuwekea msingi wa uongo, jamani, nyumba yote ni uongo.

Kwani hakuona? Aliona. Aliona plasta. Aliona utani ukipungua, bima ya sikio haikuulizwa tena. Alifungua kinywa mara ngapi, akakifunga kwa mate. Uso ulikuwa unamwungua akiwa peke yake, kwenye maji ya kuoga, kwenye kioo cha kinyozi. Usiku aligeuka upande huu, bisibisi ikazunguka naye; akageuka upande huu, ikazunguka naye.

Mwezi wa saba tangu siku ya pazia, shemeji alikuja mikono mitupu. Akasimama mlangoni.

"Nimekuja kukwambia nimeacha," alisema. "Nitarudi kwenye mota za feni. Feni haina maneno mengi, ikizunguka imezunguka."

"Usiseme hivyo, shemeji."

"Nisemeje? Kaka yako alipoteza muda wake kunifundisha. Bora angeendelea na wewe."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake. Na Sikio, naona aibu hata kusimulia, alimwambia, "Haya, pole." Alimwacha afike kwenye kona. Alifuta gitaa ambalo tayari lilikuwa safi. Kisha miguu ikamchukua yenyewe, na alipojitazama alikuwa njiani, gitaa begani, amplifaya ndogo kwapani, jasho linamtiririka kama mwizi.

Alimkuta uani anaanua nguo.

"Karibu. Gitaa la nini tena? Kuna harusi nimefichwa?"

"Weka nguo chini kwanza, shemeji."

"Sema tu. Nimeshika nguo, sikushika masikio."

"Ile ya kwanza haikuwa na kasoro."

"Ya kwanza ipi?"

"Ya siku ya pazia. Niliishusha kabla hamjafika. Mizunguko miwili, huku na huku. Haikuwa na njaa, shemeji. Niliishusha mimi."

Shati lilikuwa begani kwake, lingali na kibanio. Alikitoa kibanio taratibu, akakitia mfukoni. "Ingia ndani," akasema. "Nionyeshe."

Sikio akachomeka amplifaya karibu na cherehani. Ndani ya gitaa mlikuwa na ile ya mwisho, ya elfu kumi, nzito ya watu. Akagusa uzi. Akashusha skrubu, miwili huku, miwili huku, akagusa tena, na sauti ikarudi nyuma, ikawa ndogo, ikawa ya kuonea huruma. "Pandisha," akasema shemeji. Akapandisha. "Shusha." Akashusha. Alimfanyisha hivyo mara nne, na kila mara bisibisi iliteleza kwa jasho la kiganja.

"Miezi saba," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia niongeze waya."

"Ndiyo."

"Ungenipiga kofi, shemeji, ningejua pa kushika. Wewe umenifanya niiogope mikono yangu mwenyewe."

 Njiani alikuwa amejitungia maelezo mazuri, marefu, yenye vituo na mikato. Yote yaliyeyuka.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa nzuri kuliko za kaka," alisema. "Na mimi waya ulinikatikia."

Basi. Mtu mzima mwenye mvi, na sababu yake yote ikaenea kwenye pumzi moja. Alitamani sakafu ipasuke. Sakafu ilikuwa ya saruji, imara, na haikumsaidia.

Mwanamke alilikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Ile nimeikata," alisema mwishowe. "Namba ninayo daftarini, lakini namba si mkono. Siku ile nilikuwa nazungusha tu. Sikuwa naogopa kitu." Akamtazama. "Nani mwingine aliisikia ilivyokuwa, kabla hujaishusha?"

"Hakuna."

"Wewe tu."

"Mimi tu."

Hapo akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Mungu wangu. Yaani shahidi wangu ni mwizi wangu." Akasimama. "Kwanza nenda kwa wale wa muziki. Uwaambie kwa mdomo wako. Nisisikie umemtuma mtu."

Akaenda. Aliwakuta kwenye mazoezi, wote wamekaa, akasimama katikati kama mtuhumiwa, akasema. Mpiga besi alidhani ni kichekesho, akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Kiongozi hakupandisha sauti. Gitaa lake lilikuwa limeegeshwa tayari kwa Sikio alikague. Alilichukua, akaliweka nyuma ya kiti chake.

"Bisibisi weka hapo mezani, mzee," akasema. "Hizi za ng'ambo tumeshazizoea, zitakaa. Lakini mwambie mama, akiipata tena ile yake nitaisikiliza. Na skrubu nitapima mwenyewe."

Akaiweka mezani. Sauti ya chuma juu ya mbao, wallahi, chumba kizima kiliisikia.

Na maji yakimwagika hayazoleki. Jina la Sikio lilikufa wiki ileile. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyeanza: "Vipi leo, Mizunguko Miwili?" Wakadakia wauza vocha, wakadakia wapita njia. Anaitika. Ana haki gani ya kuchagua?

Kila Jumamosi asubuhi anakwenda kwa shemeji na gitaa na amplifaya, kuitafuta tena sauti ile. Amepewa masharti. Bisibisi anaishika mwenyewe mwenye nyumba. Pikapu anaifunga yeye, kimo anapima yeye kwa rula. Uzi anaugusa yeye, mmoja mmoja, maana kupiga wimbo hajui. Mizunguko Miwili anakaa kwenye kigoda, ameelekea ukuta.

"Sitaki usome uso wangu," alimwambia. "Sikiliza, useme."

Ya Jumamosi ya kwanza haikuwa yenyewe. Ya pili ilikuwa mbali zaidi. Mkono uliogopa, na waya uliosukwa na mkono wenye hofu unasikika. Jumamosi ya tatu akagusa uzi, na mtu aliyeelekea ukuta akashtuka.

Ilikuwa karibu. Mno. Ukavu upo, mwanga upo, kicheko kile cha mbali kipo.  Neno moja tu, fikiria: "Ndiyo." Shemeji angefurahi, kiongozi angeitwa, kikundi kingekaa kwenye mabenchi, na huenda hata jina la zamani lingemrudia mlangoni. Na duniani kote hakuna kiumbe ambacho kingembishia. Sauti ile ilikuwa na shahidi mmoja. Aibu yake yote ingepata mahali pa kukaa, ingepumzika, na yeye angepumzika nayo.

"Tena," akasema.

Akagusa tena. Akaifuata noti, akaifuata inaposhuka, inapochoka, mpaka ukingoni kabisa. Ikajifunga. Ilijifunga vizuri, kwa adabu, lakini ilijifunga.

"Shemeji?"

"Siyo."

 Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba wa rangi, akaukazia macho.

"Watu wangeipenda hii," alisema shemeji.

"Wangeipenda."

"Na mimi nimeipenda."

"Hata mimi. Lakini siyo yenyewe, shemeji. Nakuomba radhi. Siyo."

Uso ulimwungua mpaka masikioni. Alingoja kufukuzwa, na angefukuzwa angekwenda, asingekuwa na neno. Nyuma yake kisu kikapita kwenye waya. Kiti kikavutwa. Gurudumu la cherehani likalia mara moja, likatulia, kisha likashika mwendo, na juu ya mwendo ule sauti ya mwanamke ikaanza kuhesabu, polepole, bila kutetemeka: moja, mbili, tatu, nne.